Okello Yupi? Namna ya Kumpata Mtu Sahihi Katika Jedwali la Kompyuta

Mlinzi wa lango la kambi hamruhusu mtu kupita usiku kwa sababu tu ametaja jina. Jina huweza kutajwa na yeyote. Mlinzi huuliza jina, huuliza namba, huuliza neno la siri la usiku ule, na majibu yote matatu yakipatana ndipo lango hufunguliwa. Likikosekana moja, mgeni husimama pale pale hadi mkuu wa zamu aitwe. Kila askari, kila polisi na kila mtoto aliyelelewa kambini anaijua kanuni hii.

Ni ajabu basi kwamba kanuni hiyo hiyo husahauliwa mara tu watu waketipo mbele ya kompyuta. Karani ana orodha ya majina mia mbili. Ataka kujua akiba ya Okello. Huandika jina, kompyuta hujibu kabla hajapepesa jicho, na jibu hunakiliwa katika hati ya malipo. Hakuna aliyeuliza: Okello yupi?

Kutokana na kosa dogo namna hii, mjane mwenye karatasi zake zote mkononi aweza kuambiwa kwamba mumewe hakuacha akiba yoyote, kumbe aliyesomwa ni mtu mwingine. Konstebo aweza kukatwa mkopo asioukopa. Mtoto aweza kurudishwa nyumbani kwa ada ambayo baba yake alikwisha kuilipa. Kompyuta haikuiba, wala karani hakuiba. Kilichokosekana ni swali la pili na la tatu.

MAJINA HUFANANA

Katika Uganda kufanana kwa majina si jambo la bahati, bali hutoka katika desturi zenyewe. Kwa Waacholi na Walango, mtoto wa kiume anayezaliwa baada ya pacha huitwa Okello, na wa kike huitwa Akello. Pacha wenyewe, wakiwa wavulana, ni Opio na Ocen. Wakiwa wasichana, ni Apio na Acen. Kwa Waganda, pacha wa kiume aliyetangulia ni Wasswa na aliyefuata ni Kato. Wa kike ni Babirye na Nakato. Na anayezaliwa baada yao ni Kizza. Mama yao huitwa Nalongo na baba yao Salongo, kwa heshima.

Ongeza hapo majina ya ubatizo na ya Kiislamu, ambayo nayo ni yale yale kila mahali: John, Peter, Hassan, Musa. Mtu akiita "Okello John" mbele ya batalioni nzima, asishangae wakipiga hatua mbele watu watatu. Jina hutambulisha mtu mbele ya jamaa zake. Katika daftari la maelfu hapana budi lisaidiwe.

JEDWALI LENYEWE

Jedwali la kompyuta, ambalo wataalamu huliita lahajedwali, ni karatasi yenye mistari inayolala na safu zinazosimama. Safu hupewa herufi: A, B, C. Mistari hupewa namba: 1, 2, 3. Kila chumba kidogo, yaani seli, hujulikana kwa herufi na namba yake, kama vile B4. Programu ya kwanza ya namna hii kuuzwa kwa ajili ya kompyuta ndogo za mezani iliitwa VisiCalc, nayo ilitengenezwa na Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, mwaka 1979. Mwaka 1983 ikafuata Lotus 1-2-3, na mwaka 1985 ikatoka Excel ya kampuni ya Microsoft, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi maofisini leo. Asiyetaka kununua aweza kutumia LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure.

Msomaji na achukue kalamu, aandike mfano huu wa akiba za kambini. Majina na fedha ni za mfano tu. Safu A ni jina, B ni kombania, C ni mwezi, D ni akiba kwa shilingi. Mstari wa 1 una vichwa vya safu. Habari zenyewe zaanzia mstari wa 2.

Mstari 2: Okello, A, Januari, 20,000
Mstari 3: Kato, A, Januari, 15,000
Mstari 4: Okello, B, Januari, 50,000
Mstari 5: Okello, A, Februari, 30,000
Mstari 6: Kato, B, Februari, 25,000

Swali ni hili: Okello wa Kombania B aliweka akiba kiasi gani mwezi wa Januari? Kwa jicho, jibu ni 50,000. Mistari mitano yasomeka kwa jicho. Mistari elfu tano haisomeki, na hapo ndipo fomula inapohitajiwa.

KOSA LA KUULIZA JINA PEKE YAKE

Fomula inayofundishwa kwanza kwa makarani wengi huitwa VLOOKUP. Kazi yake ni kushuka katika safu ya kwanza ya jedwali, kutafuta neno ililopewa, kisha kuleta habari iliyo katika safu nyingine ya mstari ule ule. Ikiambiwa imtafute Okello katika mfano huu, itasimama mstari wa 2 na kuleta 20,000. Haitaendelea kushuka. Haitasema kwamba kuna Okello wengine wawili huko chini. Humchukua wa kwanza, ikanyamaza.

Tena fomula hii ina mtego wa pili. Mwishoni mwake huandikwa neno FALSE, au sifuri, kuiamuru itafute neno lenyewe hasa. Karani akilisahau neno hilo, kompyuta hudhani kwamba orodha imepangwa kwa taratibu ya alfabeti, nayo hutafuta jibu la kukaribia. Orodha isipokuwa imepangwa, huweza kuleta fedha za mtu mwingine kabisa, bila onyo lolote. Kwa malipo ya watu, jibu la kukaribia si jibu.

Basi zipo njia tatu za kuiuliza kompyuta maswali matatu kwa pamoja, kama afanyavyo mlinzi wa lango. Katika njia zote, yale yanayotafutwa na yaandikwe pembeni: seli G1 iwe na Okello, G2 iwe na B, na G3 iwe na Januari.

NJIA YA KWANZA: KUUNGANISHA

Njia hii ni rahisi, na hufanya kazi hata katika kompyuta kuukuu. Huongezwa safu moja ya msaada, tuseme safu E, ambamo jina, kombania na mwezi huunganishwa kuwa neno moja. Katika seli E2 huandikwa:

=A2&"|"&B2&"|"&C2

Alama ya & ndiyo inayounganisha. Matokeo yatakuwa Okello|A|Januari. Fomula hiyo huteremshwa hadi mstari wa mwisho, na kila mstari hupata ufunguo wake. Kisha jibu hutafutwa hivi:

=INDEX(D2:D6,MATCH(G1&"|"&G2&"|"&G3,E2:E6,0))

MATCH hutafuta ufunguo Okello|B|Januari katika safu E na kusema upo nafasi ya ngapi. Hapa ni ya tatu. INDEX huenda katika safu D na kuleta kilichomo katika nafasi ya tatu: 50,000. Sifuri ya mwisho ni amri ya kutafuta neno lenyewe hasa, nayo isisahauliwe.

Huenda mtu akauliza, kile kijiti kilichosimama kati ya maneno ni cha nini? Si pambo. Fikiri orodha yenye kombania na namba tu. Mtu wa Kombania 1 mwenye namba 12, akiunganishwa bila kijiti, huwa 112. Mtu wa Kombania 11 mwenye namba 2 naye huwa 112. Watu wawili wamekuwa mmoja, na aliye juu katika orodha atakula haki ya aliye chini. Kijiti kikiwekwa, wa kwanza ni 1|12 na wa pili ni 11|2, nao hawachanganyiki tena.

NJIA YA PILI: KUZIDISHA

Njia ya pili haihitaji safu ya msaada. Yategemea hesabu ambayo mtoto wa darasa la pili aijua: kitu chochote kikizidishwa kwa sifuri ni sifuri.

Kompyuta ikiulizwa, "Je, A2 ni sawa na Okello?" hujibu kweli au si kweli. Katika kuzidisha, kweli huhesabiwa kuwa 1, na si kweli huhesabiwa kuwa 0. Basi maswali matatu yakizidishwa, jibu ni 1 pale tu ambapo yote matatu ni kweli. Angalia mfano wetu. Mstari wa 2: jina ndiyo, kombania siyo, mwezi ndiyo, moja mara sifuri mara moja, jibu sifuri. Mstari wa 3: jina siyo, sifuri. Mstari wa 4: moja mara moja mara moja, jibu moja. Mstari wa 5: jina ndiyo, lakini kombania na mwezi siyo, sifuri. Mstari wa 6: sifuri. Amebaki mmoja tu. Fomula yake ni hii:

=INDEX(D2:D6,MATCH(1,(A2:A6=G1)*(B2:B6=G2)*(C2:C6=G3),0))

Katika Excel ya mwaka 2019 na zile zilizoitangulia, na pia katika LibreOffice, fomula hii haikamilishwi kwa kubonyeza Enter peke yake. Hubonyezwa Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja. Karani asiyejua kompyuta yake ni ya mwaka gani na abonyeze vyote vitatu, havidhuru kitu.

Microsoft ilitangaza fomula mpya iitwayo XLOOKUP mwaka 2019. Imo katika Excel 2021 na katika Microsoft 365, na tangu mwaka 2024 imo pia katika LibreOffice toleo la 24.8. Nayo huandikwa hivi:

=XLOOKUP(1,(A2:A6=G1)*(B2:B6=G2)*(C2:C6=G3),D2:D6,"Hayupo")

Uzuri wake ni lile neno la mwisho. Mtu asipoonekana, kompyuta husema wazi "Hayupo", badala ya kuonyesha alama ya #N/A inayowatisha watu. Lakini jedwali lenye XLOOKUP likipelekwa katika ofisi yenye Excel ya zamani, halitafanya kazi huko. Mwenye kupeleka taarifa kituo cha mbali na afikirie kwanza mashine ya mpokeaji.

NJIA YA TATU: KUJUMLISHA KWA MASHARTI

Ikiwa kinachotafutwa ni namba, kama fedha au kilo, ipo njia fupi kuliko zote, nayo imo katika Excel tangu toleo la 2007:

=SUMIFS(D2:D6,A2:A6,G1,B2:B6,G2,C2:C6,G3)

Maana yake: jumlisha safu D, lakini kwa mistari ile tu ambayo A ni Okello, B ni Kombania B, na C ni Januari. Mstari ni mmoja, basi jumla ni 50,000.

Hata hivyo njia hii ina hatari zake. Kama malipo yameandikwa mara mbili kwa makosa, SUMIFS haitalalamika; itajumlisha yote mawili na kuleta 100,000. Na kama mtu hayumo kabisa, haitasema hayumo. Italeta sifuri. Kati ya mtu ambaye hakuweka akiba na mtu ambaye jina lake limesahauliwa kuna tofauti kubwa sana, na sifuri haiwezi kuitofautisha.

HESABU WATU KABLA YA KULIPA

Kwa sababu hiyo, karani mwangalifu hutanguliza swali jingine kabla ya kutafuta fedha: je, ni mistari mingapi iliyo na sifa hizi zote?

=COUNTIFS(A2:A6,G1,B2:B6,G2,C2:C6,G3)

Jibu likiwa 1, kazi na iendelee. Likiwa 0, mtu hayumo au jina limekosewa. Likiwa 2 au zaidi, basi masharti hayajatosha: ama kuna watu wawili wa jina moja katika kombania moja, ama mstari umeandikwa mara mbili. Hapo malipo husimama hadi ukweli ujulikane, kama vile mgeni wa langoni asimamavyo.

Dawa kubwa ya jambo hili ni namba ya kazi. Jina laweza kuwa la watu kumi, lakini namba ya askari au ya polisi ni ya mtu mmoja. Panapokuwa na namba, itumike namba pamoja na mwezi, na jina libaki la kuhakikishia tu. Vivyo hivyo katika kituo cha polisi: baiskeli nyeusi iliyopotea si sifa ya kutosha kumrudishia mtu mali, baiskeli nyeusi, ya aina fulani, yenye namba fulani ya fremu, hiyo yatosha.

MAMBO YANAYOHARIBU KAZI

Fomula yaweza kuwa sahihi na jibu likakataa kuja. Mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi.

Kwanza, nafasi iliyofichika. Aliyeandika "Okello" na kugusa kibao cha nafasi mara moja mwishoni, ameandika neno jingine mbele ya kompyuta. Fomula ya TRIM huondoa nafasi hizo. Lakini katika Excel herufi kubwa na ndogo hazidhuru: OKELLO na Okello ni sawa katika fomula zote zilizotajwa.

Pili, namba iliyoandikwa kama maneno. Kwa kawaida namba halisi huegemea upande wa kulia wa seli, na maneno huegemea kushoto. Namba ya kazi ikianza na sifuri, kompyuta huifuta sifuri hiyo, na 0456 huwa 456. Safu ya namba za kazi na iwekwe kuwa ya maneno tangu mwanzo, kabla ya kuandika chochote.

Tatu, tarehe. 3/4 ni tarehe tatu Aprili kwa mmoja, na ni tarehe nne Machi kwa mwingine. Ni heri mwezi uandikwe kwa jina lake.

Nne, fomula isiyofika mwisho wa orodha. Orodha ikiongezwa mistari, fomula inayosoma hadi D6 haitawaona walio mstari wa 7. Kosa hili si la makarani wadogo tu. Mwaka 2010 wachumi wawili mashuhuri wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa utafiti juu ya madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, ukanukuliwa na viongozi wa nchi nyingi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, alilichunguza jedwali lao akagundua, pamoja na mengine, kwamba fomula ya wastani iliishia mapema na kuziacha nchi tano: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Wachumi hao walikiri kosa hilo la jedwali. Ikiwa mabingwa huteleza, karani asione haya kuhakiki kazi yake mara mbili.

Tano, fomula inayohama. Ikiteremshwa kwenda mistari ya chini, D2:D6 hugeuka D3:D7, kisha D4:D8, na walio juu huachwa. Ili isihame, hutiwa alama ya dola: $D$2:$D$6.

HATA NYUMBANI

Akina mama wasiseme kwamba haya ni ya ofisini. Mwenye duka dogo la kambini hukopesha sukari na sabuni hadi mwisho wa mwezi. Katika daftari lake ameandika: "Nalongo, sukari kilo mbili." Lakini kambini mna Nalongo wanne. Mwisho wa mwezi kila mmoja ataapa kuwa si yeye, na urafiki wa miaka utavunjika kwa sababu ya kilo mbili za sukari. Kama angaliandika Nalongo, namba ya nyumba, na tarehe, pasingalikuwa na ugomvi. Kanuni ni ile ile, iwe katika daftari la senti chache au katika kompyuta ya makao makuu.

Kadhalika mwenye kuweka hesabu za nyumba aweza kutengeneza jedwali la bei lenye safu nne: bidhaa, soko, mwezi, bei. Baada ya mwaka mmoja ataweza kuuliza maharage yalikuwa bei gani katika soko fulani mwezi Mei, na kujua wapi na lini pa kununua gunia. Karo za watoto nazo huandikwa kwa mtoto, muhula na aina ya malipo. Mhasibu wa shule akidai, mzazi hutoa jibu pamoja na stakabadhi, bila kupandisha sauti.

ZOEZI LA WIKI

Familia na ikae pamoja jioni moja, na mfano wa mistari mitano uandikwe katika karatasi. Mtoto mmoja awe swali la jina, wa pili awe swali la kombania, wa tatu awe swali la mwezi. Wamtafute Kato wa Kombania B, mwezi wa Februari. Kwa kila mstari kila mtoto aseme moja au sifuri, na mkubwa azidishe. Mstari utakaobaki na moja ndio wenye jibu, nalo ni 25,000. Kisha wamtafute Kato wa Kombania B, mwezi wa Januari. Mistari yote itatoa sifuri, na watoto watajifunza kwamba "hayupo" nalo ni jibu la kweli, bora mara nyingi kuliko jibu la haraka lililo la mtu mwingine.

Nyuma ya kila mstari wa jedwali yupo mtu mwenye nyumba, watoto na haki yake. Anayeshika jedwali hilo ameshika lango. Na aulize jina, na aulize namba, na aulize mwezi, kisha ndipo afungue.